Nimeingia msitu wa Ngezi mara ya kwanza nina miaka 41, na kwetu ni Wete, Pemba

Boti_ya_Usiku:
Asalaam aleikum wana barza. Uzi utakuwa mrefu huu, mwenye haraka apite tu, mwenye chai yake avute kiti.

Mimi nimezaliwa Wete, skuli nimesoma Wete, na pwani ya Vumawimbi nimekwenda mara zisizo na hesabu, Idi pili, Idi tatu, skuli zikifungwa, tunapakiwa kwenye gari ya mbao na masufuria ya pilau na ndoo ya juisi ya ukwaju. Na kila mara njia inapita katikati ya Ngezi. Mnaijua ile hali, gari inatoka Konde kwenye jua na mashamba ya watu, mara ghafla kiza, baridi, gari zima linanyamaza kama mmefunikwa shuka, halafu baada ya dakika chache mnatokea upande wa pili na mtu anaanza tena kupiga sufuria ngoma. Basi Ngezi yangu mimi ilikuwa hiyo, dakika chache za baridi njiani kwenda pwani. Kushuka ushuke ufanye nini.

Sasa mwezi uliopita nilikuja likizo (kazi yangu iko Unguja mjini), na mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, mzee kashapita 70, mchumaji karafuu wa zamani ambaye anatembea na bakora tangu siku alipoanguka mkarafuuni, alikuwa kachoka kukaa barazani. Nikamwambia mjomba leo tunakwenda Ngezi. Akanitazama.

"Ngezi kuna nini, kuna mtu kapotea?"

Nikamwambia tunakwenda kutembea. Kutembea tu? Kutembea tu. Akasema haya, lakini nasubiri chakula kwanza, maana watu wanaokwenda msituni kutembea tu huwa hawarudi na akili zao. Naendelea chini, ngoja niweke simu chaji.

Kachori_Baridi:
Hahaha mjomba huyo nampenda tayari. Endelea bwana usituache njiani kama gari ya Konde.

Dau_la_Mkoani:
Mie naona hamna jambo. Msitu ni msitu, miti nnayo nyuma ya nyumba yangu bure. Kulipa pesa kwenda kutazama miti!

Boti_ya_Usiku:
@Dau_la_Mkoani ndivyo nilivyokuwa nasema hata mimi, subiri.

Tumepanda gari ya Konde baada ya Adhuhuri, Konde tukachukua bodaboda mbili, mjomba kashika bakora kama mtu anayekwenda vitani kwa farasi. Getini kuna ofisi, unalipa kiingilio, sisi wenyeji tunalipa chini ya mgeni, unapewa na mtu wa kukutembeza. Kijana mmoja mpole, kijana wa huko huko, buti za mpira miguuni. Hapo ndipo nilipotazama miguu yangu. Nilivaa ndara. Msicheke. Mtu anakwenda matembezini Pemba anavaa nini jamani, nilijua kuna njia na njia kweli ipo, imesafishwa vizuri, ila mvua ilinyesha usiku wake na kuna sehemu tope linakushika kama linakudai.

Dakika kumi za mwanzo mimi nilikuwa naona kijani tu. Kijani, kijani, mti mkubwa, kijani. Yule kijana anaongea, huu mvule, ule mjoho, tazama juu, nami naitikia ee ee huku natazama ndara. Hadi tulipofika kwenye mnazi mwembamba hivi, si mnazi, wa jamii hiyo, shina lina pete pete kama mwanzi na vitunda vyekundu vimening'inia kwenye kichala. Kijana akasema huu ni mti wa Pemba, duniani kote unaota Pemba peke yake, na akataja jina lake la kitaalamu, refu. Mjomba nyuma yangu akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani yake ugenini:

"Aa, mpapindi."

Kijana akageuka. "Unaujua mzee?"

"Nitaacha kuujua?" Akaenda akaushika kwa kiganja, akaugonga kwa bakora, ko ko, akaokota vitunda viwili chini akavipangusa kwenye shati akanipa. Vidogo, vigumu, vyekundu kama shanga. Ninavyo hapa mezani ninavyoandika.

Wallahi kuanzia hapo matembezi yalibadilika. Yule kijana anataja jina la kisayansi, mjomba anataja la kwetu na kazi yake. Huu mbao zake haziliwi na mchwa, huu tulikuwa tunakata mipini, huu ukiwasha moto wake moshi unakutoa machozi. Mimi katikati nimetoa simu narekodi, maana nilijua nikifika nyumbani yote yamenitoka. Na kweli yalinitoka, bila ile rekodi ningekuwa nimebakiwa na mpapindi tu.

BintiKonde:
Mie nnakaa hapo hapo karibu na wallahi sijawahi kuingia ndani 😂 tunapita kila siku. Swali, watoto wadogo wanaweza? Nnao wa miaka 4 na 7.

Boti_ya_Usiku:
@BintiKonde wanaweza dada, ile njia fupi wanayoiita Joshi ni kama saa moja mwendo wa kubarizi. Wa miaka 4 utamwona anataka mgongo ukifika nusu. Wavishe viatu vya kufunika na suruali ndefu, mbu wapo na siafu wapo. Siafu nitawasimulia.

Mwalimu_wa_Baio:
Naomba niingilie kidogo kwa @Dau_la_Mkoani aliyesema miti ipo nyuma ya nyumba yake. Ndugu yangu, nyuma ya nyumba yako nadhani kuna mikarafuu, minazi, miembe na mifenesi, sawa? Yote imepandwa. Pemba hii zamani ilikuwa msitu, halafu ikaja karafuu zama za masultani, na dhoruba ya mwaka 1872 ilipong'oa mikarafuu mingi ya Unguja, mzigo wa karafuu ukahamia Pemba, vilima vikasafishwa mpaka vikabaki vijisehemu tu vya msitu wa asili. Ngezi ndicho kikubwa kilichobaki, hekta kama 1,440 pale. Kwa hiyo unapopita kwenye kile kiza unapita kwenye Pemba ya kabla ya karafuu.

Na jengine, wanafunzi wangu huniuliza mbona Unguja kuna kima punju wa asili na kwetu hakuna, mbona sisi tuna ndege ambao Unguja hawapo. Jawabu liko chini ya bahari. Unguja na bara maji yake ni mafupi, zama bahari iliposhuka palikuwa pakavu, mnyama anatembea kwa miguu. Mkondo baina ya Pemba na Tanga ni kina cha mamia ya mita, unafika karibu mita 800. Sisi tulikatika zamani sana. Ndiyo maana tuna ndege wanne ambao hawapo pengine popote duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kale kandege ka macho yenye duara jeupe. Na popo.

Dau_la_Mkoani:
Mwalimu umenipiga bakora mbele za watu. Haya, naendelea kusoma.

Mpemba_wa_Muscat:
Popo! Sisi utotoni tukila popo jamani, tusidanganyane. Nyama yake tamu. Sijui siku hizi.

Mwalimu_wa_Baio:
Walikula wengi, ndiyo maana miaka ya 90 walikuwa wamekaribia kwisha kabisa. Vijiji vikaamua kuwalinda, Kidike ukenda mchana unawaona wamening'inia mitini kwa maelfu kama nguo zilizoanikwa, na wanakijiji wanapata chochote kwa wageni. Wanakula matunda na kutawanya mbegu, yaani ndio wapandaji wa msitu. Mwache popo wa watu.

Boti_ya_Usiku:
Ahsante mwalimu, yule kijana alitueleza hayo ya popo lakini wewe umeeleza ya bahari ambayo hakuyasema.

Sasa nije kwenye maji, maana ndiyo sababu ya uzi wote huu.

Ngezi chini kuna mabonde, maji hayaendi mbali, yanakaa. Kuna vijito na kuna mabwawa. Sisi tulimwomba kijana atupeleke kwenye maji kwa sababu mjomba tangu getini alikuwa anauliza "na bwawa je, bwawa lipo bado?" kwa sauti ya mtu anayeulizia deni. Njia inateremka, hewa inabadilika, unaanza kunusa majani yaliyooza, si uvundo, ni harufu kama ya mtungi wa udongo uliokaa na maji siku nyingi. Hapo tope likanichukulia ndara ya kushoto. Niliinama nikaitafuta kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaipata, imejaa, nikaamua kwenda mguu pekupeku mguu ndara, na hapo ndipo nilipokanyaga njia ya siafu. Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba nilicheza ngoma ambayo kwetu haijapewa jina na mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Bwawa lenyewe si kubwa. Ukitupa jiwe kwa mkono mzuri linavuka. Lakini maji yake, jamani, meusi, mtu akikuonyesha kwenye picha utasema machafu, ukichota kwa kiganja ni safi, yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kijana akasema ni majani yanayoanguka yanatoa rangi kama majani ya chai kwenye birika. Juu yamelala mayungiyungi. Kereng'ende wekundu wanakwenda na kurudi kama wana zamu. Na kimya, halafu si kimya, kila ukinyamaza unasikia kitu chengine, chura huku, tone kule, jani linaanguka unalisikia likigusa maji.

Tulikaa pale kwenye gogo labda nusu saa bila mtu kusema. Mdiria mmoja wa buluu alikuwa kwenye tawi lililoinamia maji, nikawa namtazama yeye, kichwa hakitikisiki, nikapepesa macho tu, hayupo, pale alipokuwa tawi linacheza na kwenye maji kuna duara linapanuka. Karudi na kitu mdomoni, akakipiga kwenye tawi mara tatu, akameza. Mjomba akanong'ona "mvuvi huyo hadai leseni".

Halafu ndio akasema. Yeye utotoni alikuja hapa na baba yake kutafuta fito za kujengea, na waliambiwa kwenye maji haya usipige mluzi, usiseme jina la mtu kwa sauti, na ukitaka kuchota unaomba. Nikamwuliza uliwahi kuona kitu? Akasema hapana. "Lakini nilikuwa na adabu." Akachomeka bakora majini kupima, ikazama nusu yake, ikagusa tope laini, akaichomoa taratibu kama anayetoa kitu mdomoni mwa mtoto.

Kachori_Baridi:
Nimesoma hii usiku peke yangu. Kwa hiyo mashetani wapo au hawapo, sema wazi.

Boti_ya_Usiku:
Mimi niliona kereng'ende.

BintiKonde:
Kwetu wazee wanasema hivyo hivyo, usipige mluzi msituni. Na bibi yangu akisema msitu ukitiwa adabu unakaa, ukidharauliwa unakatwa. Yeye hakujua habari ya uhifadhi lakini kuni alikuwa anaokota kavu tu.

Ngalawa_ya_Chwaka:
Mie wa Unguja nichangie. Jozani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, watalii tele, na huko nako msitu unasimama kwenye maji, masika ukienda njia nyengine zimefunikwa. Kima punju wanakaa pembeni ya barabara kama wanasubiri gari, na upande wa pili kuna daraja la mbao linapita juu ya mikoko, maji yakijaa unaona samaki chini ya miguu yako. Pazuri. Lakini utakutana na watu hamsini na kila mmoja ana kamera. Ngezi nilikwenda mara moja, tulikuwa watatu msitu mzima. Nasikia na kima punju wapo huko, kweli?

Boti_ya_Usiku:
Walipelekwa kutoka Unguja miaka ya 70, wachache, na wapo wachache mpaka leo. Sisi hatukuwaona. Tuliona tumbili wengi, na kinyesi cha paa, punje ndogo nyeusi, paa wa Pemba ni kadogo kama mbuzi mchanga na kana haya, kijana anasema yeye mwenyewe anamwona kwa bahati, mara nyingi anaona mkia tu unakimbia. Upande mwengine msitu unaisha ghafla unatokea kwenye mchanga mweupe pe na vichaka vifupi, utadhani pwani, na bahari huioni. Nilisimama pale nikiwa sielewi. Tulipita haraka kwa sababu jua lilikuwa kali na mjomba anataka kivuli.

Lililobaki ni la bundi, kisha nawaacha.

Yule kijana aliuliza kama tunataka kungoja usiku, maana wageni wanakuja kutoka mbali, wana madarubini ya gharama, kwa ajili ya bundi mmoja tu mdogo. Mjomba akasema "bundi?" Akarudia. "Wanapanda ndege, wanalipa, kuja kumtazama bundi?" Kwetu mnajua, bundi akilia juu ya bati watu hawalali, atafukuzwa kwa mawe, kisha asubuhi mtu anapiga simu kuulizia wagonjwa wote wa ukoo. Nikadhani atakataa. Akasema tungoje.

Tukasali Magharibi pale karibu na ofisi, kiza kikaingia, na kiza cha Ngezi si cha Wete, hakina taa ya jirani. Popo wakaanza kupita juu, mabawa yao unayasikia, fu, fu, fu, kama mtu anakung'uta shuka. Tukaingia kidogo tu ndani. Kijana akasimama, akatia mikono mdomoni, akaita. Hu. Akanyamaza. Hu. Sauti moja fupi, haipandi haishuki. Dakika tano hamna kitu, mbu wanafanya kazi yao. Kisha kutoka mbali, hu. Halafu karibu. Akawasha tochi kwa upande, akiikinga kwa vidole isimchome macho, na tawini pale, sikutegemea, kitu kidogo kama ngumi yangu na nusu, rangi ya majani makavu, macho ya manjano, katutazama kama sisi ndio wageni wa ajabu. Na kweli ndio.

Mjomba hakusema kitu. Baadaye sana, tumekaa kwenye benchi tunasubiri bodaboda (aliahidi saa mbili, kaja saa tatu, na bei ikapanda kwa sababu "usiku mzee wangu"), akaniuliza:

"Sasa yule tuliyekuwa tunampiga mawe siku zote, ndiye huyu?"

Nikamwambia sijui mjomba, bundi wako aina mbalimbali.

"Maana huyu hana ubaya. Huyu anaita mwenzake."

Mpemba_wa_Muscat:
Umenitoa machozi kijana wangu. Miaka 30 sijasikia hiyo sauti na nimeisoma nikaisikia. Inshaallah Idi ijayo.

Dau_la_Mkoani:
Haya nimeshindwa. Kijana wa kutembeza anapatikana siku zote? Na viatu gani?

Boti_ya_Usiku:
@Dau_la_Mkoani nenda getini tu, mchana wapo. Wa usiku panga nao mapema usije ukangoja. Viatu buti za mpira kama unazo za shamba, si ndara, NARUDIA SI NDARA. Chukua maji na kitu cha kutafuna, ndani hakuna duka, sisi tulikuwa na muhogo wa kukaanga wa Konde na ukaisha kabla ya bwawa. Na usirudi na taka.

Kachori_Baridi:
Na mjomba yukoje sasa hivi? Akili zake zimerudi?

Boti_ya_Usiku:
Mimi nimesharudi Unguja. Juzi kanipigia simu saa sita usiku, nikaruka kitandani nikajua kuna msiba. Nikasema shkamoo mjomba, kuna nini? Akasema "shh, sikiliza", akaitoa simu dirishani. Nikasikia feni yangu mwenyewe na chura. Nikamwambia sisikii kitu mjomba.

"Yupo juu ya mwembe. Lakini sie yule wa Ngezi, huyu sauti yake kama mtu anakwaruza bati. Muulize yule kijana wako huyu nani."

Nimemtumia kijana meseji. Akijibu nitaweka hapa.